Simu ya kukunja: boksi linasema nini, simu inafanya nini

Shangazi yangu amechoka na simu ya kupapasa. Ana duka la vyombo vya plastiki Kayole, mikono yake haikosi vumbi au maji, na kioo kile humtii kinapotaka chenyewe. Majuzi alinipigia: "Nataka ile ya kufunika, ukimaliza maneno unaifunga pa! Lakini iwe na kila kitu." Kila kitu, kwake yeye, ni picha, nyimbo, redio, video za kwaya, M-Pesa na WhatsApp. Jumamosi tukakutana mjini Nairobi, tukashuka Luthuli, barabara ya maduka ya simu.

Kijana wa duka la kwanza alitoa boksi jekundu la chapa ambayo sikuwahi kuisikia. "Mathe, hii ni multimedia kamili," akasema, kisha akaanza kusoma kwa kidole: kamera, MP3, MP4, redio, Bluetooth, intaneti, memori kadi hadi GB 32, laini mbili. Shangazi akanigeukia. "Umesikia? Iko na kila kitu."

Kijana hakudanganya. Kila neno kwenye lile boksi lilikuwa kweli, na bado shangazi angefika Kayole akakuta nusu ya alichokitaka hakipo. Neno multimedia linakueleza simu inaweza kufungua vitu vya aina gani. Halisemi vya ukubwa gani, wala halisemi vinakaa wapi, na hapo pa kukaa ndipo watu wengi huumia. Kuna kazi zinazokaa ndani ya simu yenyewe, nyingine zinakaa ndani ya laini, nyingine zinategemea mnara wa mtandao, na nyingine zinakaa kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo ambayo haijui kama Kayole ipo. Nilimwomba kijana atuachie boksi dakika kumi.

Tuanze na kamera, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kumfanya shangazi atoe pesa. Kijana alimpiga picha palepale, akamwonyesha. Picha safi, leso inaonekana hadi maua yake. Sasa fanya hesabu. Chukua simu inayojulikana, Nokia 2660 Flip iliyotoka mwaka 2022, ambayo vipimo vyake haviko mbali na vya simu nyingi za kukunja zinazouzwa sasa. Kioo chake cha ndani ni cha inchi 2.8, chenye pikseli 240 kwa 320, yaani nukta 76,800. Kamera yake hupiga pikseli 640 kwa 480, nukta 307,200. Ndiyo ile megapikseli 0.3 ya kwenye boksi. Picha ina nukta mara nne ya zile ambazo kioo kinaweza kuzionyesha. Kioo kinalazimika kuibana, na picha iliyobanwa huficha ukungu wake wote.

Mtumie binti yake picha hiyohiyo kwenye simu kubwa, naye ataifungua kwenye kioo chenye upana wa pikseli elfu moja na zaidi. Hapo inavutwa kama unga wa chapati moja unaolazimishwa kujaza sinia. Ukienda kuichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, kiwango cha kawaida cha picha nzuri, unapata kipande cha sentimita tano na nusu kwa nne hivi. Kinatosha kubandikwa kwenye kadi ya chama. Ile picha ya fremu ya sebuleni isahau.

Kwa hiyo usihukumu kamera ya simu ya kukunja kwa kuangalia kioo chake yenyewe. Mwambie muuzaji aihamishe picha kwa Bluetooth hadi simu yako, ufungue hapo. Tulipofanya hivyo leso ya shangazi iligeuka doa la kijani. "Huyu si mimi," akasema, akacheka. Na ukiona boksi la simu ya bei ya chini kabisa linajigamba kwa megapikseli nyingi, ujue zipo simu zinazopiga picha ndogo kisha programu inaipanua kabla ya kuihifadhi. Nukta zinaongezeka, maua ya leso hayarudi.

Upande wa nyimbo simu hizi hujitetea vizuri zaidi. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB moja kwa kila dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB nne. Kumbukumbu ya ndani ya 2660 ni MB 128, na sehemu yake imeshachukuliwa na programu za simu. Hata ingekuwa tupu kabisa, zingeingia nyimbo thelathini na mbili. Weka kadi ya GB 32 na hesabu inafika nyimbo kama elfu nane, ambazo shangazi hatazimaliza hata akiacha duka asikilize tu.

Motorola Razr V3 ya mwaka 2004 ilikuwa na wembamba wa milimita 13.9, ikauzwa zaidi ya milioni 130 duniani, na hapa mjini ukiiweka juu ya meza watu walinyamaza kidogo. Nayo iliitwa simu ya multimedia. Kumbukumbu yake ilikuwa MB tano na kitu, bila pa kuchomeka kadi. Ni wimbo mmoja huo, na nusu ya wa pili labda. Nasema hivi kwa sababu bado zinauzwa zikiwa zimetumika, zimepolishwa, na muuzaji atakuambia "hii ni original". Ni original kweli.

Kwa nini kadi ya GB 32 na si 64? Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32, ambao karibu kila kifaa kinaujua. Kuanzia GB 64 kadi hutoka kiwandani na mfumo mwingine, exFAT, na simu ndogo mara nyingi haina programu ya kuusoma. Utaichomeka, simu itakuambia kadi imeharibika na kuomba ruhusa ya kuifuta. Kadi haina tatizo, ila inaongea lugha ambayo simu haijafundishwa. Baya zaidi ni kadi bandia iliyoandikwa GB nyingi ilhali ndani ni chache. Nyimbo za mwanzo zitapiga vizuri, kisha zinaanza kukatika katikati, na wewe utamlaumu aliyekujazia nyimbo.

Video ndizo zenye mkanganyiko mkubwa. Boksi linasema MP4. Shangazi anazo video za kwaya alizojaziwa na kijana wa duka la movie mtaani, zote MP4. Tulipochomeka kadi yake, simu ilifungua moja kati ya sita. Kijana wa Luthuli akasema video ni mbovu. Si mbovu. MP4 ni gunia tu. Ukiambiwa hili ni gunia la nafaka hujaambiwa ndani mna mahindi, maharagwe au mtama, na kinu chako huenda kinasaga mahindi peke yake. Ndani ya gunia la MP4 picha zinaweza kuwa zimebanwa kwa njia kadhaa, na hizo njia ndizo huitwa kodeki. Video mpya nyingi hubanwa kwa kodeki nzito na kwa upana wa pikseli 1,920, kazi inayotaka prosesa yenye nguvu. Prosesa ya simu ya kukunja ya bei nafuu imetengenezwa kwa ajili ya kupiga simu. Ile video moja iliyokubali ilikuwa ya zamani, ndogo, ya umbo la mraba karibu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Rudi kwa kijana wa duka la movie, umwambie azipunguze hadi upana wa pikseli 320, kwa kodeki ya zamani. Kwenye kioo cha pikseli 240 kwa 320 huwezi kuona tofauti, na kadi yako itabeba kwaya za dayosisi nzima.

Redio haina maneno mengi. Simu nyingi hudai uchomeke spika za masikioni kabla haijafungua FM, na watu hudhani ni ukorofi. Ule waya ndio antena. Mawimbi ya megahezi 100 yana urefu wa mita tatu hivi, na antena ya robo ya urefu huo ni sentimita 75, urefu ambao waya wenyewe unaufikia. Boksi likiandika redio isiyo na waya, maana yake wameweka antena ndani. Inafanya kazi katikati ya mji, lakini ukiwa ndani ya jengo la ghorofa au mbali na mitambo, waya utashinda.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakijaandikwa kwenye boksi lolote nililowahi kusoma, nacho ndicho kinachoua simu hizi: bawaba. Simu ya kukunja, kwa sehemu kubwa, ni kabambe, yaani simu ndogo ya vibonye, iliyovaa kifuniko, na kifuniko hicho kinabeba kioo, spika ya sikioni, pengine na kamera. Vibonye, betri na laini viko chini. Kati ya nusu hizo mbili unapita utepe mwembamba wa plastiki wenye nyaya za shaba ndani, ambao mafundi huuita fleksi. Kila ukifungua na kufunga, fleksi inajipinda. Mtu anayefungua simu mara hamsini kwa siku anaupinda mara elfu kumi na nane na zaidi kwa mwaka. Motorola StarTAC ilipoingia sokoni mwaka 1996 ikiwa miongoni mwa simu za kwanza za mkononi za muundo huu, ilirithisha zote zilizofuata uzuri wake na ugonjwa wake pamoja.

Kipimo chake ni hiki, nami nilikifanya palepale kwenye meza ya kioo ya muuzaji huku akinikodolea macho. Washa simu. Ikiwa wazi, anza kufunga kifuniko polepole sana, kidogo kidogo, huku ukitazama kioo. Kikicheza, kikitoa mistari au kikizima kabla kifuniko hakijakaribia kufunga, kisha kikarudi ukiinua kidogo, fleksi inakufa. Ikiwa simu ni mpya, haikukazwa vizuri kiwandani. Rudia mara tatu. Piga simu pia, usikilize sauti ukichezesha kifuniko. Sauti ikikwaruza, hesabu ni ileile. Tikisa kifuniko upande hadi upande: kikilegea kama jino la mtoto, mrudishie mwenyewe.

Kuna jambo jingine la bawaba linalochanganya hata mafundi wageni. Simu inajuaje kwamba umeifungua? Nyingi zina kisumaku kidogo ndani ya kifuniko na kihisi upande wa vibonye, kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua mwanafizikia Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879: sumaku ikikaribia njia ya umeme, umeme hutoa ishara pembeni. Sumaku ikikaribia, simu inasema nimefungwa. Ikiondoka, inasema nimefunguliwa, washa kioo. Sasa mtu akiiweka simu iliyo wazi juu ya mkoba wenye kifungo cha sumaku, kioo kinazima, naye anakimbilia kwa fundi. Nimeshuhudia mtu akiuziwa kioo kipya kwa ugonjwa huo. Kabla hujafunguliwa simu, isogeze mbali na mkoba kwanza.

M-Pesa ndiyo iliyomtia shangazi wasiwasi kuliko vyote, na ndiyo ambayo haikuhitaji wasiwasi wowote. "Hii simu iko na M-Pesa?" alimuuliza kijana, naye akajibu iko, kama anayeuza M-Pesa. Swali lenyewe halihusu simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitengenezwa ikae ndani ya laini, kwenye menyu ndogo inayojitokeza katika simu yoyote unayochomeka laini hiyo. Na kuna njia ya pili, nyota 334 reli, ambayo haitaki hata hiyo menyu. Ujumbe unakwenda moja kwa moja kwenye mtandao na kurudi. Zote mbili hazijali kama simu ina kifuniko, kamera au intaneti. Chomeka laini, pesa zimefika. Kwa mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya simu, na haikuandikwa kwenye boksi.

Mnara nao una masharti yake. Watu wengi hapa wametumiwa simu za kukunja na ndugu walio Marekani, nzuri, nzito, zenye nembo ya mtandao wa huko. Mtandao wa 2G hapa Kenya hutumia masafa ya megahezi 900 na 1,800; Marekani walitumia 850 na 1,900. Simu iliyotengenezwa kwa masafa ya kule peke yake itakaa hapa kama redio iliyofungiwa kwenye stesheni isiyotangaza. Nyingine zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine, na nyingine hazikuwahi kutumia laini kabisa. Ikiwa ni simu ya kununua mjini, jambo la kuangalia ni namba tu: piga nyota reli 06 reli, usome tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na za kwenye boksi. Mwishoni mwa Septemba 2012 mamlaka ya mawasiliano iliagiza simu zenye IMEI bandia zizimwe, na waliokuwa wamenunua bila kuangalia waliamka na simu za kuchezea watoto.

Tumebaki na intaneti na WhatsApp, na hapa nilimlazimisha shangazi akae chini kwenye kistuli. Boksi lilisema intaneti. Kweli, ndani ya simu kulikuwa na kivinjari, programu ya kufungulia tovuti. Lakini tovuti za siku hizi husimba mazungumzo yake kwa njia mpya za usalama, na kivinjari cha zamani hakizijui, kwa hiyo mlango haufunguki hata kama una bando la kutosha. Ndiyo maana ile Razr iliyofungua kurasa mwaka 2005 leo haifungui, ingawa hakuna kilichovunjika ndani yake.

WhatsApp ni kisa kirefu zaidi. Nokia 2720 Flip ilitoka mwaka 2019 ikiwa na 4G, Wi-Fi na mfumo wa KaiOS, na WhatsApp ilikuwemo. Walioinunua kwa sababu hiyo walinunua kitu cha kweli. Kisha, mwaka 2024, WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mwaka 2025 hata waliokuwa nayo wakakatiwa. Simu hazikuharibika. Bawaba zilikuwa imara, betri zinashika. Kilichoondoka hakikuwahi kuwa ndani ya simu. Na hiyo 2660 ya 2022, pamoja na 4G yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa, haina Wi-Fi wala haikuja na WhatsApp. 4G yake faida yake kubwa ni sauti safi ya simu pale mtandao unaporuhusu kupiga kupitia 4G.

"Kwa hivyo hakuna WhatsApp," shangazi akasema. Hakuna. Lakini kuna ujanja ambao nashangaa wauzaji hawausemi. WhatsApp huiuliza laini mara moja tu, inapojisajili, kwa ujumbe wa tarakimu sita. Baada ya hapo unaweza kuitoa laini kwenye simu ya kupapasa, ukaichomeka kwenye ya kukunja, na simu ya zamani ikaendelea na WhatsApp nyumbani kwa Wi-Fi au kwa laini nyingine ya bando. Siku ikiuliza tena, tarakimu zitaingia kwenye ya kukunja, unazisoma na kuziandika. Kwaya ibaki nyumbani, wateja waende dukani.

Hatukununua ya boksi jekundu. Bawaba yake ilicheza mara mbili kati ya tatu. Tulipata nyingine duka la tano, yenye vibonye vilivyoinuka ambavyo kidole kinavihisi bila macho, na hilo kwa mtu wa mikono yenye vumbi nalipa uzito kuliko kamera. Tatizo pekee ni kuandika. Kibonye cha 6 kinabeba m, n na o: m mara moja, n mara mbili, o mara tatu. Ukitaka kuandika "mno" unabonyeza, unasubiri, unabonyeza, unasubiri, unabonyeza. "Hii" nayo yote iko kwenye 4. Aliyepanga vibonye hivi hakuwaza Kiswahili. Nilimwonyesha shangazi kwenye matatu kabla hajaondoka, akasema ameelewa.

Saa mbili usiku simu yangu ikalia. "Nimefika. Asante m". Dakika mbili baadaye ikalia tena: "no".